Naomba ushauri: mirija ya kioo ya rangi na namba za kutanuka

Habari zenu wakuu. Niko Dar, natengeneza shanga na hereni za kioo kwa tochi ya gesi na oksijeni. Mirija yangu ni borosilikati isiyo na rangi, ile ya vyombo vya maabara. Boksi limeandikwa 3.3, yaani namba ya kutanuka: kioo hutanuka sehemu 3.3 kwa milioni kila joto likipanda nyuzi moja. Sasa wateja wanataka bluu na kijani.

Nimejaribu kuunganisha kipande cha chupa ya bluu. Kwenye moto kilishika vizuri, kilipopoa ukatokea ufa mwembamba kuzunguka kiungo, mara tap! kikaachia. Si ajabu, kioo cha chupa hutanuka karibu mara tatu ya borosilikati. Fimbo za kioo za Murano, Italia, nazo ni 104 (yaani 10.4 kwa kipimo cha boksi langu), hata sizigusi.

Kuna muuzaji wa nje ana mirija ya rangi, kaandika "33". Naelewa ni ile ile 3.3, nukta tu imehama, nayo ni wastani hadi nyuzi 300 hivi. Juu ya hapo kila kioo kina tabia yake. Je, namba zikilingana inatosha, au nimuulize pia joto la kupoozea tanurini?

Pili, nani anauza mirija ya rangi ya milimita 12 kwa vipande vichache? Huyu anataka nichukue boksi zima, na kusafirisha kioo mnakujua.