Re: Nairobi mpaka New York, mbona masaa hayaeleweki?

Habarini wadau. Mama anakuja kunitembelea mwezi wa saba, ndege ya moja kwa moja Nairobi mpaka New York. Tovuti moja inasema masaa 13, tiketi inaonyesha anaondoka saa tano usiku anatua saa moja asubuhi, yani masaa nane tu! Nishike lipi? Halafu ana ndege nyingine ya Minneapolis, katikati nimemwachia saa moja na nusu, itatosha?

---

Dada, hongera kwa ujio wa mama. Shika masaa 15 hivi. Hizo tovuti zinachukua kilomita, ambazo hapo ni kama 11,800, zinagawanya kwa mwendo wa ndege wa 900 kwa saa basi, hazihesabu ndege kusubiri zamu ya kuruka, hazihesabu kupanda na kushuka, na kubwa zaidi hazihesabu upepo. Kule juu upepo unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, akija huku ndege inapambana nao, akirudi unaisukuma, ndo maana kurudi ni kama masaa 14.

Hayo nane ni saa za miji miwili. Mwezi wa saba New York iko nyuma kwa masaa saba, saa tano usiku ya Nairobi huku ni saa kumi jioni, ongeza 15 unapata saa moja asubuhi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Machi tofauti inakuwa nane. Waambie na wa nyumbani, maana akiondoka huku saa sita mchana anatua kesho yake saa tatu asubuhi, wasije wakaenda kumpokea usiku bure.

Ila saa moja na nusu haitoshi kabisa dada yangu. Hata mzigo ukiandikwa Minneapolis, mama anapita uhamiaji palepale New York, anachukua mabegi kwenye mkanda, anapita nayo forodha, anayakabidhi tena, halafu anakaguliwa upya na pengine ahamie jengo lingine kwa treni. Mwekee masaa manne. Na piga simu shirika la ndege mapema umwombee kiti cha magurudumu, hakilipiwi, na anayemsukuma anampeleka mpaka dirishani kwa afisa, kwa mtu mzima aliyekaa masaa 15 miguu imevimba hilo ni jambo kubwa sana. Anwani yako na namba ya simu ziandike kwenye karatasi aishike mkononi, si kwenye simu tu, chaji inaisha.

---

Naongezea kwa wanaopitia Doha au Dubai, baadhi ya ndege za kwenda huko zinaondoka usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa 00:40 tarehe 12, uwanjani unatakiwa tarehe 11 jioni, ni ule usiku wa kuamkia 12. Mtu akienda tarehe 12 jioni ndege ilishaondoka tangu jana usiku, na tiketi mpya ya siku hiyohiyo bei yake haishikiki.