Hela inalala hotelini Uingereza, lawama tunabeba sisi

Wakuu, hili limenikaa kooni siku nyingi, leo nalitema.

Kila mjadala wa misaada ukianza, lazima atokee mtu wa kuuliza: wahisani wametoa mabilioni miaka yote hii, yamekwenda wapi? Wezi tunao, kwa hilo sibishi. Ila mbona hakuna anayeuliza kama hayo mabilioni yaliwahi kuondoka kwao?

Chukueni Uingereza. Mwaka 2023 ilitangaza misaada ya pauni bilioni 15.3. Humo ndani, kama bilioni 4.3 zilitumika hukohuko Uingereza kuhudumia wakimbizi na waomba hifadhi, nyingi zikiishia kwenye bili za hoteli. Zaidi ya robo, jamani! Mwenye hoteli kalipwa, mpishi kalipwa, mlinzi wa getini kalipwa, kodi imerudi hazina yao, kisha kwenye mahesabu inasomeka kwamba nchi maskini zimesaidiwa.

Na hawajavunja kanuni yoyote, ndicho kinachoniudhi zaidi. OECD, jumuiya ya nchi tajiri, inaruhusu gharama za mkimbizi kwa miezi 12 ya kwanza zihesabiwe kama misaada. Kanuni hiyo wameitunga nani? Kamati ya wafadhili wenyewe. Mchezaji kashika na filimbi!

Msinielewe vibaya, mkimbizi anastahili pa kulala. Walipie kwa fungu la mambo yao ya ndani, basi. Maana bili ya hoteli ikipanda, kinachokatwa ni miradi ya nje. Mwaka 2022 walisimamisha kwa miezi kadhaa matumizi yote ya misaada waliyoona si ya lazima. Si ya lazima kwa nani?

Ahadi ya kutoa asilimia 0.7 ya pato la taifa ilipitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970. Uingereza ikaiweka kwenye sheria 2015, ikashusha hadi 0.5 mwaka 2021, na 2025 ikatangaza kwamba ifikapo 2027 itakuwa 0.3, tofauti iende jeshini. Sheria yenyewe bado ipo, eti.

Wamarekani nao wana yao. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya chakula chao cha msaada ililazimika kununuliwa kwa wakulima wao, na angalau nusu ya shehena kupakiwa kwenye meli zenye bendera yao, hata nauli ikiwa juu kuliko ya meli nyingine. Watu wana njaa leo, nafaka iko baharini, na nchi ya jirani ina mavuno ya kuuza.

Ninachotaka ni kidogo: kila mfadhili aonyeshe kando hela iliyovuka mpaka na hela iliyobaki kwake. Tukishaona hiyo ya kwanza, ndipo tuitane wezi. Mwenye hoja tofauti aje na takwimu, matusi abaki nayo.