Tupeane uzoefu: nini kilikufanya uamini tunajiamulia wenyewe, au kwamba yote yameshapangwa?

Wakuu, salaam. Sitafuti mshindi, ubishi huu una karne nyingi. Nataka kujua yaliyokukuta mpaka ukaamini unachoamini.

Naanza mimi. Nilivuta sigara miaka 11, usiku mmoja nikatupa pakiti na sikurudi tena. Nikawa najisifu: niliamua, nikaweza. Mdogo wangu ameamua mara sita na bado anavuta, nilimwona mlegevu. Siku moja akaniuliza, "Kaka, hiyo nguvu ya kuamua uliipata wapi?" Nikakosa jibu. Bado naamini hiari ipo, ila majigambo yamepungua.

#2
Kwangu mimi ni yaliyomkuta baba yangu. Alipata ugonjwa wa Parkinson, akaanzishiwa dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo. Mzee ambaye hakuwahi kugusa kamari, baada ya miezi michache akawa anabeti usiku kucha, na kila dau ana sababu yake! Tulimgombeza, tukamwombea, tukamficha simu. Daktari alipoambiwa hakushangaa hata kidogo. Kumbe ni athari inayojulikana ya dawa hizo. Dozi ikapunguzwa, hamu ikakatika. Sasa muda wote ule mzee alihisi anaamua mwenyewe, tena kwa akili timamu. Mimi ninayehisi hivyohivyo leo, najuaje?

#3
Pole kwa mzee, mkuu. Ila mlijuaje kwamba yule si yeye? Maana yake kuna "yeye" mliyemzoea, anayeamua kwa namna yake. Mimi hiari naiona hapohapo.

#4
Mimi nilikuwa mhubiri wa "hatuna hiari", andiko langu likiwa jaribio la mwanasayansi wa ubongo Benjamin Libet la 1983. Watu waliambiwa wakunje kiganja wakati wowote wanaotaka, na ubongo ukaonekana kujiandaa kama theluthi ya sekunde kabla hawajahisi kuamua. Niliwachosha watu kwa hilo. Baadaye nikakuta kwamba Libet mwenyewe aliamini mtu bado anaweza kughairi, na kwamba mwaka 2012 mtafiti Aaron Schurger na wenzake walieleza kuwa huenda yale "maandalizi" ni kupanda na kushuka kwa kawaida kwa shughuli za ubongo. Nikiri tu: wakati ule ndoa yangu ilikuwa imetoka kuvunjika, kwa makosa yangu. Habari kwamba hakuna anayeamua chochote ilikuwa tamu mno.

#5
Nilipofiwa na mwanangu, watu waliniambia ni kadari. Najua maneno hayo huwakera wengi. Mimi nilikuwa silali, narudia kichwani: ningewahi kutoka, ningepita njia nyingine. Nikayashika, usingizi ukarudi. Kama ni kweli au la, sijawahi kutaka kuchunguza.

Mleta mada
#5 pole sana dada, asante kwa kutuamini.
#4, na sasa hivi unaamini lipi?

#4
Nimeoa tena mkuu. Huyu nimemchagua mwenyewe 😀