Tupeane uzoefu: wachoraji wa tableti, mafundi wa zamani wamewafunza nini?

Assalaam alaykum wanajamvi. Niko Amu (Lamu), mtaa wa Mkomani. Huu ni mwaka wangu wa nne nachora kwa tableti, na programu yangu ni Krita, ile isiyo na malipo. Najua humu wengi mnachota kwenye sanaa ya wazee wetu: milango, vidaka (vile vishubaka vya ukutani), makaburi, kanga. Leteni visa vyenu, hasa pale mlipokosea mkarekebishwa. Naanza na changu.

Mwaka juzi nilichora mlango wa jirani, wenye mnyororo kwenye miimo na maua ya duara kwenye kizingiti cha juu. Niliupiga picha kwa simu, nikaiweka picha tabaka la chini, nikachora nusu ya kulia tu. Ya kushoto niliiachia kile kifaa cha kioo: unachora huku, na kule kunajichora. Kwa saa mbili kazi ikawa imekwisha, nami nikaipeleka kwa mzee mmoja anayechonga, nikitaka anipe baraka zake.

Aliishika tableti kwa mikono miwili akapitisha kidole gumba juu ya ua, kama anayepapasa mbao. Picha ikaruka. Nikairudisha mahali pake. Akaitazama sana, kisha akasema, "Mwanangu, mlango huu haufungi."

Nilikuwa nimeupasua mfaa katikati. Mfaa ni ule mti wa kati uliochongwa kuliko sehemu zote, na hupigiliwa kwenye ubawa mmoja tu ili ufunike mwanya pale mbawa mbili zinapokutana. Kioo changu kilikuwa kimegawa nusu huku na nusu kule. Mzee akanishika mkono hadi mlangoni penyewe, akaniambia nihesabu petali. Ua la kwanza lina 8, la pili 9. Kwenye hilo la pili pana fundo la mti, na aliyechonga amelizunguka kwa petali moja ya ziada, nyembamba, iliyopinda kidogo. Nilikuwa nimepita pale tangu utotoni bila kuiona.

Siku hizi naanza na daftari. Nakaa kwenye baraza la mbele asubuhi, jua likianza kuingia kichochoroni, maana hapo ndipo kila mchongo unapotoa kivuli chake. Nikirudi kwenye tableti nachora vivuli kwanza, mistari baadaye. Kile kifaa cha kioo nakitumia kupanga vipimo tu, halafu nakizima.

Binti Shela

Ahsante kaka, umenikumbusha langu. Nilipewa kazi ya kuchora mandhari ya mchezo wa simu: ndani ya nyumba ya Kiamu ya karne ya 18. Nikachora chumba kipana, dari iko juu, watu kumi wanapita bila kugusana. Mama yangu akaja nyuma yangu akauliza, "Boriti za urefu huo zimetoka msitu gani?"

Dari zetu za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini upana wake ni kama mita 3 tu. Nilikwenda ile nyumba ya makumbusho hapa mjini nikapima kwa hatua. Nikakaa chini kwenye ndani, chumba kilicho nyuma ya misana, nikitazama mwanga unavyotoka kiwandani (ule uwanja wa katikati ya nyumba usioezekwa), unapita misana miwili, yaani vyumba virefu vya mbele, unakufika umechoka. Ukuta wa vidaka wa chokaa nyeupe unaudaka mwanga huohuo mdogo. Hapo nikaelewa kwa nini ukuta ule unachongwa sana. Nilifuta kazi yote nikaanza upya, chumba kikiwa chembamba, na rangi nyingi zikiwa za kivuli. Aliyenipa kazi alilalamika kwamba wahusika wanabanana. Nikamwambia nyumba ndivyo ilivyo, akakubali.

Wa Malindi

Mimi walimu wangu wako Gedi, yale magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Watu wengi wakienda pale hutazama msikiti mkuu na lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399. Mimi huenda kutazama vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye lipu ya kuta. Mlingoti ni mstari mmoja, tanga miwili mitatu, na unajua hicho ni chombo kimeshika upepo. Aliyekwaruza hakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Kila wiki nachora jahazi la bandarini kwa mistari isiyozidi 20, na kurudi nyuma nimejikataza. Mkono ulitetemeka miezi miwili ya kwanza.

Dada wa Kilifi

Langu si la mkono. Mteja alitaka fulana zenye kigango, ule mti wa kuchongwa wa kumbukumbu ya marehemu wa Kimijikenda. Nilikuwa nimeshaanza, zile pembetatu zilizochongwa zinapendeza sana kwenye skrini. Nikamuuliza babu kwanza. Akaniambia kigango ni marehemu wa Gohu, chama cha wazee, amesimamishwa pale, na akanikumbusha vigango vingapi viliibwa makaburini vikauzwa ng'ambo, hata vikaingia makumbusho za Marekani, na baadhi tu ndivyo vilivyorudishwa. "Wewe utamvalisha nani mzee wa watu kifuani?" Nilirudisha malipo ya awali. Pesa zile nilizihitaji, lakini sijutii. Tafadhalini, kabla hujachora kitu cha makaburini, tafuta wenyewe uwaulize.

Fundi Chapa

Kwa ufupi, kwa wanaochapisha kwenye kitambaa: buluu ya skrini haitoki vile. Chapeni kipande kidogo kwanza mkitazame nje juani.

Mwenye uzi

Dada wa Kilifi, nimesoma lako mara tatu. Nina mchoro wa kaburi la mnara la Takwa, magofu ya kisiwa cha Manda, nimeuweka mwezi mzima bila kuumaliza, na sasa najua niende kwa nani kabla sijaendelea.

Uzi uko wazi. Mwezi ujao in shaa Allah nakwenda Siyu, kisiwa cha Pate, kwa ajili ya milango na kusikia habari za misahafu iliyokuwa ikiandikwa na kupambwa huko kwa mkono. Aliye na jamaa kule anayejua kazi hiyo aniandikie.