Watoto wa Bibi Tatu (kikundi cha familia)

[06:12] Da Mwajuma: Asalam aleikum. Jana nilikuwa na mama Ocean Road, hospitali ya saratani, picha ya kichwa imeonyesha vivimbe vimerudi, vitatu, daktari anataka arudie mionzi. Naomba kila mtu asome AJIBU sio dole gumba tu

[06:15] Da Mwajuma: Mwaka jana walimpiga mionzi kichwa kizima siku 10. Daktari kasema ubongo unatunza hesabu ya ile ya kwanza, so safari hii ama dozi inapungua ama wanalenga vivimbe tu, wakirudia nguvu ileile kumbukumbu inaweza kwenda na hata sehemu isiyo na ugonjwa ikafa. Jumatatu anapimwa maski mpya, ile ya kushika kichwa kisisogee kwenye mionzi, nani anampeleka?

[09:40] Juma Mdogo: 👍

[09:41] Da Mwajuma: Juma!!

[09:47] Juma Mdogo: samahani dada nilikuwa kwa daladala. maski ya zamani si ipo juu ya kabati, ile Hamisi aliivaa Idi watoto wakakimbilia kwa jirani 😂

[09:48] Hamisi: 😂😂 mtoto wa Salma mpaka leo akiniona analia

[09:52] Da Mwajuma: Mnacheka. Mama alikuwa akitoka pale mashavu yote vitundu kama aliyelalia mkeka. Na haimwenei tena, deksa, ile dawa ya uvimbe wa ubongo, imemvimbisha uso

[10:05] Salma: Sukari mmepima? Deksa inapandisha. Na ampe asubuhi, akinywa jioni halali

[10:31] Selemani: Kwani lazima? Mara ya kwanza wiki tatu hakula, nywele zote chini, mimi akaniita jina la marehemu baba

[10:33] Da Mwajuma: Ulikuwepo wapi wewe? Daktari kasema tuna bahati imepita zaidi ya mwaka na bado anatembea mwenyewe, angekuwa wa kitandani wangempa dawa tu akapumzike nyumbani. Ila hela ya mashine ya kusaga ulijua njia ya kuja kuchukua

[10:34] Salma: Jamani tusianze mashine

[10:34] Selemani: Andika yote dada. Andika na nani aliuza

[20:58] Mjomba Athumani: Wanangu nimesomewa yote. Nimempigia dada yangu, maana naona humu hakuna aliyemuuliza. Kaniambia Athumani, kuchomwa siogopi, naogopa niamke nisiwajue watoto wangu. Hilo aulizwe daktari, mama yenu amekaa hapo anasikia, ndio aseme mwenyewe ndiyo au hapana. Mashine nisiisikie tena

[21:20] Salma: Sawa mjomba 🙏

[21:24] Hamisi: Sawa mjomba. Naweka elfu 50 ya bajaji mwisho wa mwezi

[21:25] Da Mwajuma: Nimekuelewa mjomba. Hamisi Jumatatu sio mwisho wa mwezi. Selemani twende wote, saa moja tuwe getini

[22:10] Selemani: Nina zamu, ntaangalia

[22:11] Da Mwajuma: Unaangalia au unakuja?

[22:40] Da Mwajuma: Selemani?

[23:02] Juma Mdogo: 👍