Dirisha la vioo vya rangi kanisani limetoa tumbo: je, lisukumwe linyooke?

Mwanakamati, Ukerewe
Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa letu la zamani lina dirisha la vioo vya rangi upande unaotazama ziwa. Sehemu yake ya chini imetoa tumbo la vidole viwili kuelekea ndani, vipande vitatu vina nyufa, na uso wa Bikira Maria unapukutika rangi. Fundi wa aluminiamu anataka kulisukuma mpaka linyooke, apake silikoni pande zote, kisha aweke kioo kingine nje. Je, ushauri huo unafaa?

Fundi vioo, Kirumba
Milele amina. Ndugu, msilisukume. Vipande hivyo vimeshikwa na mifereji ya risasi, madini laini ambayo huchoka kwa uzito, upepo, na joto la mchana linalofuatwa na ubaridi wa usiku. Kioo chenyewe hakipindi, kwa hiyo mkikikandamiza, nyufa tatu zitakuwa kumi. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi, nayo asidi hiyo hula risasi. Kagueni kwanza vile vyuma vya mlalo na nyaya za shaba zinazolifunga dirisha kwenye vyuma hivyo, kwa maana zikikatika dirisha hujibebea uzito lenyewe. Ikibidi kulishusha, wekeni karatasi juu yake, sugueni kwa penseli mpaka mistari yote ya risasi ijitokeze, na kila kipande kipewe namba. Vaeni glavu, na watoto wasikaribie, kwa kuwa vumbi la risasi ni sumu.

Mhifadhi, Mwanza
Naongeza kuhusu uso. Rangi ile ni unga wa kioo na oksidi za metali uliochomwa tanurini kwa nyuzi joto zaidi ya 600, hivyo brashi ya mchoraji wa mabango haitaurudisha. Msiusugue, hata kwa kitambaa chenye maji. Kioo cha nje si kibaya, mradi kiachiwe nafasi ya hewa juu na chini. Kikizibwa kabisa, joto na unyevu hubaki katikati. Kwenye nafasi hizo wekeni wavu mwembamba, maana wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi wataingia wote.

Mwanakamati, Ukerewe
Nimetoka kanisani sasa hivi. Kati ya nyaya nne, mbili zimekatika, na ya tatu imeshikwa na utando wa buibui tu. Kazi ya aluminiamu tumeisitisha. Kesho natafuta karatasi pana na penseli.