Taa za LED kufifia kwenye betri ya sola ya volti 12

Swali:
Ndugu zangu, nimeunganisha taa ndogo nyeupe za LED kwenye betri ya sola ya volti 12, kila moja na rezista yake (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 470 yenye uwezo wa kuhimili joto la robo wati. Hesabu ilionyesha kwamba mkondo hautazidi miliampia 20, lakini baada ya miezi miwili taa zimefifia na rezista zimebadilika rangi. Nimekosea wapi?

Jibu:
Hesabu yako ni sahihi kwa betri iliyotulia, ila betri ya asidi inapochajiwa volti zake hupanda hadi karibu 14.4. LED nyeupe huchukua takribani volti 3, kwa hiyo rezista hubaki na 11.4, mkondo hufika miliampia 24, na joto huvuka robo wati. Je, taa huwaka mchana pia?

Muulizaji:
Ndiyo, huwaka dukani kutwa nzima. Sikuwahi kupima volti wakati paneli inachaji.

Jibu la pili:
Ningekushauri uunge LED 3 mfululizo kwa rezista moja ya omu 270, kwa sababu hata volti zikifika 14.4 mkondo utabaki miliampia 20, na sehemu kubwa ya umeme itaenda kwenye LED badala ya kupasha rezista joto. Usiku, betri isipochajiwa, mkondo utashuka hadi miliampia 11 hivi na mwanga utapungua, jambo ambalo mimi nimelikubali kwangu. Tafadhali pima kwa mita kabla ya kulehemu.